Huyu Hawezi Kuiba

Jumapili ile nilirudi nyumbani kwa bajaji, sanduku la kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa fedha, limekaa mapajani, nimelifunika kanga ya mke wangu ili lionekane kama kapu la sokoni. Kila tukiingia kwenye shimo, kufuli tatu ziligongana. Na mfukoni mwa suruali, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kikoba chetu miaka minne iliyopita, nilikuwa na funguo zote tatu.

Wenzangu wa vikoba mnaelewa uzito wa jambo hilo: mimi ni mweka hazina, sanduku linalala kwangu, na kila ufunguo hukaa na mtu wake ili asiwepo wa kulifungua peke yake.

Haikuwa hila yangu. Mtunza ufunguo wa kwanza alikwenda msibani Singida, akaniachia. Wa pili alikwenda Morogoro kumwangalia binti yake aliyejifungua, akaniachia. Wa tatu alikuwa amechoka tu: kila kikao anausahau nyumbani, anatumwa mtoto kuufuata, hisa zinachelewa, watu wananuna. "Baki nao wewe," akasema. "Si ndiye unayelala na sanduku?"

Mwanachama mmoja mgeni akauliza kama jambo hilo linaruhusiwa na katiba. Mwenyekiti akacheka mpaka akashika meza.

"Huyu? Huyu mwachie sanduku wazi mwaka mzima. Hawezi kuiba huyu. Hata akiiba, atasahau alipozificha."

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, tena kuwashinda.

Kicheko kiliniishia njiani, bajaji ilipofika Rangi Tatu.

## Karani wa dhahabu

Kuna filamu niliyoiona zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe, ambayo ilinirudia kichwani usiku ule nikaanza kuitafuta. Inaitwa The Lavender Hill Mob. Ni ya mwaka 1951, imetengenezwa na Ealing Studios za London. Hamtaikuta kwenye vibanda vya mtaani. Wakalimani wetu wa filamu, tangu Lufufu wa Dar hadi DJ Afro wa Nairobi, wanapata la kusema mtu anaporushwa dirishani. Humu watu wanavua kofia na kuombana radhi. Haifiki hata saa moja na nusu.

Studio hizohizo, mwaka huohuo, zilitoa filamu nyingine iliyopigwa Kenya, juu ya hifadhi na majangili. Ile ndiyo iliyoletwa kwetu kutafuta mandhari. Hii ilibaki kwao, katika London yenye magofu ya mabomu, ambako nyama ilikuwa bado ya mgawo na ingeendelea hivyo hadi 1954. Wazee wetu waliopanga foleni za sukari miaka ya themanini wangeielewa London ile bila tafsiri.

Mhusika mkuu ni Henry Holland, na aliyemwigiza ni Alec Guinness. Holland ni karani wa benki. Kwa takriban miaka ishirini kazi yake imekuwa moja: kupanda gari lenye matofali ya dhahabu, kutoka kwenye kiwanda cha kuisafishia hadi benki, na kuhakikisha hakuna hata tofali moja lililopungua. Ana miwani, ana mwavuli, na ulimi wake unateleza kidogo kwenye R. Gari lolote likikaa nyuma yao muda mrefu, yeye anaingiwa na wasiwasi, anasimamisha msafara. Dereva na walinzi wamemchoka. Wakubwa wake wanamwona mtu mwadilifu, msumbufu, asiye na ubunifu hata chembe.

Na wanafurahi kwamba hana.

Nilisimamisha filamu hapo, nikaenda jikoni kunywa maji. Kazini kwangu mimi ni karani wa stoo, mwaka wa kumi na saba sasa. Najua sauti ile. Mkubwa anapokusifia uaminifu huku macho yake yako kwenye simu, hakusifii. Anakuweka kwenye rafu.

Tunachokuja kugundua ni kwamba wasiwasi wote ule wa Holland ulikuwa mchezo. Miaka yote hiyo alikuwa anajijengea jina la mtu asiyeweza. Alichokosa ni njia moja tu: dhahabu ya wizi hauwezi kuiuza Uingereza, lazima uivushe bahari, na forodhani pale tofali la dhahabu halijifichi kwenye begi la nguo.

Halafu bosi wake anamwita ofisini kumpa habari njema. Anahamishiwa idara nyingine, mshahara unapanda. Holland anajitetea, anataka kubaki na magari yake. Bosi anamwambia tatizo lake ni kukosa tamaa ya maendeleo. Nafasi nzuri ikija, aikamate kwa mikono miwili, huenda isirudi tena.

Holland anamjibu kwa adabu zote kwamba atafuata ushauri huo.

## Kwenye ngazi za nyumba ya wapangaji

Anakoishi Holland ni nyumba ya wapangaji huko Lavender Hill, kusini mwa mto Thames, mahali pa watu wa heshima waliopungukiwa. Jioni humsomea bibi mmoja mpangaji mwenzake hadithi za majambazi. Ndipo anapohamia mpangaji mpya, bwana Pendlebury, aliyeigizwa na Stanley Holloway: mtu mwenye moyo wa msanii ambaye tumbo lake linalishwa na kiwanda kidogo cha kuyeyusha risasi na kutengeneza mapambo ya kuuzia watalii. Kati ya mapambo hayo iko minara midogo ya Eiffel, ya kukandamizia karatasi mezani. Inapakwa rangi ya dhahabu na kupelekwa Paris kwa makasha.

Mazungumzo yao nimeyarudia mara nne. Holland hasemi "tuibe." Anauliza tu. Anazungusha maneno kama mshenga aliyekuja kuposa na bado anasifia hali ya hewa. Pendlebury anaelewa taratibu, uso unambadilika, halafu anasema ni bahati nzuri kwamba wote wawili ni watu waaminifu.

"Ni kweli kabisa," anajibu Holland.

Kimya kinachofuata ndicho kilichonikosesha usingizi. Sentensi ileile waliyoisema wenzangu chini ya mwembe, na hapa inasemwa na watu wawili ambao tayari wameshaiba, bado tu kuigusa mali.

## Hesabu za mweka hazina

Naomba mnivumilie. Mimi ni mtu wa daftari.

Mwaka 1951 bei rasmi ya dhahabu ilikuwa dola 35 kwa wakia, na paundi moja ilikuwa dola 2.80. Tofali la kawaida la benki lina wakia 400 hivi, yaani kilo 12 na nusu. Kwa hiyo tofali moja lilikuwa paundi 5,000. Wizi wa kwenye filamu ni wa zaidi ya paundi milioni moja. Gawanya: matofali 200, tani mbili na nusu. Wanaume wanne, wawili kati yao wazee wa makaratasi, wanaibeba, wanaiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu za minara.

Sasa mwishoni Holland anataja minara sita, paundi 25,000. Nikapiga hesabu usiku huo huo: kila mnara una zaidi ya kilo kumi. Ndoo ndogo ya maji iliyojaa. Na katika filamu wasichana wa shule wanaununua Paris, wanapanda nao meli ya kurudi kwao, wanautembeza mkononi kama andazi! Hakuna hata mmoja anayeuliza mbona pambo hili linavunja mkono.

Nilicheka peke yangu saa saba usiku, mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia watu hawana mizani.

Kosa hilo silichukii, lakini. Nadhani mwandishi, T.E.B. Clarke, aliliona akalipita. Clarke wakati wa vita alikuwa askari polisi wa akiba jijini London, kwa hiyo hakuwa mgeni wa mambo haya. Alipokwama namna ya kuiba dhahabu, alikwenda kuwauliza Benki Kuu ya Uingereza wenyewe. Na wakamsaidia! Wakakaa wakafikiri jinsi wao wangeibiwa. Ingekuwa mimi nimeuliza swali hilo dirishani, ningelala ndani. Ila huyu ni mtu wa filamu. Huyu hawezi kuiba.

Jambo jingine linalonipendeza ni rangi. Nairobi na Kampala wapo matapeli wanaopaka madini ya bei poa rangi ya dhahabu na kuwauzia wageni wenye pupa. Holland na Pendlebury wamepindua kazi hiyo: wana dhahabu halisi, wanataka ionekane risasi iliyopakwa rangi ya dhahabu. Yaani dhahabu inajifanya kitu kinachojifanya dhahabu. Nani ataichunguza? Kila mtu anajua pambo la mtalii ni la uongo.

Kila mtu anajua.

## Herufi moja

Kinachowaangusha ni R.

Makasha yenye minara ya dhahabu yameandikwa R, na mwanamke muuzaji kule juu ya Mnara wa Eiffel ameambiwa asiyafungue. Lakini R ya Kiingereza ukiitamka ni "aa" tu, na sikio la Mfaransa likisikia "aa" linaandika A. Kasha linafunguliwa. Minara sita inauzwa kwa wasichana wa shule kutoka Uingereza.

Wazungu wanacheka hapa kwa sababu moja, mimi kwa mbili. Nimekulia mahali ambapo R na L zinabadilishana viti. Darasa la tano nilisimama mbele ya shule nzima nikatangaza kwamba tutapiga kula ya kiranja. Nilipewa jina, na jina hilo lilinifuata hadi sekondari, na nadhani ndiyo sababu nilichagua kazi ya kukaa na madaftari badala ya kuongea na watu. Kwa hiyo mtu akiniambia mpango wa tani mbili na nusu za dhahabu umevunjwa na herufi moja, sishangai. Naomba tu wamsamehe yule mama.

Kuanzia hapo filamu inakimbia. Holland na Pendlebury wanashuka mnara kwa ngazi za kuzunguka, wanazunguka na kuzunguka, kizunguzungu kinawapanda, wanaanza kucheka hovyo kama watoto kwenye bembea. Wanafika bandarini, na meli ile pale, wanaiona; ila kuna pasipoti, kuna forodha, kuna maswali ya fedha mlizobeba. Kila dirisha na mtu wake, kila mtu na utaratibu wake. Meli inaondoka. Sijaona filamu nyingine iliyoelewa vizuri namna hiyo kwamba dirisha la ofisi lina nguvu kuliko bunduki.

Mitano wanaipata kwa kuwabadilishia wasichana na kuwaongeza vijisenti. Msichana wa sita anakataa. Wake amemnunulia rafiki yake, askari polisi.

## Wezi wanaoamini

Lakini sehemu niliyoikwepa kwa wiki mbili ni ya wale wezi wenyewe.

Holland na Pendlebury, kwa kuwa hawajui wizi, wanahitaji wenye ujuzi. Njia yao ya kuajiri ni ya kipuuzi: wanapita mahali penye watu wakizungumza kwa sauti juu ya kasha la chuma kiwandani, lenye mishahara ndani na kufuli mbovu. Usiku wanakaa gizani kusubiri nani atakuja. Wanakuja Lackery na Shorty, wanaume wawili wa kazi hiyo, watu wa mtaani kweli kweli.

Ukifika wakati wa kwenda Paris kuchukua mgao, wezi hawa hawaendi. Mmoja mke wake hatamruhusu. Mwingine ana mechi ya kriketi asiyotaka kuikosa. Wanawaambia wale mabwana wawili: nendeni, mtatuletea fungu letu.

Tani mbili na nusu za dhahabu, na wanasema mtatuletea!

Mwanzo nilidhani ni utani juu ya ujinga wao. Nikarudia. Si ujinga. Hao wawili wameishi na wezi maisha yao yote, wanajua harufu yake, na kwa Holland hawaisikii. Wanamtazama mtu aliyewaongoza kwenye wizi mkubwa kuliko wote waliowahi kuuota, bado wanamwona karani. Hata baada ya kuiba, hawezi kuiba.

Nikajiuliza Holland alijisikiaje pale. Uso wa Guinness hausemi. Una lile tabasamu dogo linalokuja na kuondoka kama mtu aliyekumbuka kitu asichoweza kumwambia yeyote.

Usiku wa Alhamisi, watoto wamelala, nilitoa sanduku chini ya kitanda nikaliweka juu ya meza. Nikafungua kufuli ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikwama kidogo, ina kutu. Ndani mlikuwa na madaftari ya hisa, bahasha ya mfuko wa jamii, na fedha: milioni sita na laki nne na ushee. Nikahesabu. Zilikuwa kamili, na ningeshangaa kama zisingekuwa kamili, maana nilizihesabu mimi.

Nilikaa nazo labda dakika ishirini.

Sikutaka kuziiba. Nataka niliseme hilo vizuri, kwa sababu najua baadhi ya wanakikoba wanasoma hapa. Nilichotaka kujua ni kama ningeweza. Nilichunguza moyo wangu kama mtu anayepapasa jino kwa ulimi. Je, mimi ni mwaminifu, au sijampata tu mpangaji mwenye kiwanda cha minara? Miaka kumi na saba stooni sijapoteza hata katoni ya kalamu. Nimekuwa nikidhani hiyo ni tabia yangu. Usiku ule nikaona inaweza kuwa ni mazoea tu, au woga, au kwamba watu wamenihakikishia mapema mno kwamba siwezi, nikawaamini.

Nikarudisha kila kitu. Kufuli ya tatu ikakataa kufunga, nikaipaka mafuta ya kupikia.

## Pingu

Mnara wa sita unaishia Hendon, kwenye chuo cha polisi, katika maonyesho ya polisi wenyewe. Wanaukwapua mbele ya macho ya askari, wanatoroka kwa gari la polisi, wanatangaza uongo kwenye redio hadi magari ya doria yanagongana. Pendlebury anakamatwa. Holland anapotelea kwenye umati.

Lakini filamu haikuanzia London. Imeanzia Rio de Janeiro, kwenye mgahawa wa watu wenye nazo, ambako Holland anagawa fedha kushoto na kulia na kila mtu anamheshimu. (Msichana anayepita mezani kwake kwa sekunde chache ni Audrey Hepburn, kabla dunia haijamfahamu.) Hadithi yote anamsimulia mwanaume mmoja mtanashati aliyeketi naye. Mwishoni tunarudi mezani pale. Anasema paundi 25,000 zilimtosha kwa mwaka mmoja, katika maisha ambayo hakuwa ameyazoea. Wanasimama kuondoka, na ndipo tunaona: mkono wake umefungwa pingu na mkono wa yule mtu.

Sheria za filamu za Hollywood wakati ule hazikutaka mhalifu aachwe atambe, na bila shaka pingu ziliwaridhisha wengi. Clarke alipata Oscar kwa uandishi wake. Mwaka 1995 Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 muhimu, na hii imo, kwenye kundi la sanaa. Filamu ya karani mwizi, kwenye orodha ya Vatikani! Nilimsomea mke wangu. Akasema hao nao hawakufika mwisho.

Mimi naona walifika. Nimeutazama uso wa Holland anapotoka mgahawani, na si uso wa mtu aliyeshindwa. Anatembea kando ya askari wake kama waliotoka kula pamoja. Mtu amevuka bahari kumfuata, amemsikiliza hadithi nzima bila kutazama saa, na amemfunga pingu kwa sababu anaamini anaweza kukimbia.

## Jumapili iliyofuata

Niliomba nafasi kabla ya hisa. Nikaziweka funguo tatu mezani, kila moja na kitambaa chake, nikasema kila mmoja achukue wake. Wa Singida na wa Morogoro wateuliwe wa kuwashikia.

Kimya.

"Kwani umefanya nini?" mwenyekiti akauliza.

"Sijafanya kitu."

"Mbona unarudisha?"

"Katiba ndivyo inavyosema."

Yule mwanachama mgeni aliinamisha kichwa. Mwenyekiti aliniangalia, akaliangalia sanduku, akaniangalia tena. Wahesabu fedha wakafungua, wakahesabu, kiasi kikawa kilekile cha kwenye daftari.

"Hesabuni tena," akasema mwenyekiti.

Wakahesabu tena. Mara ya tatu wakazitoa noti moja moja, mama mmoja anayeuza vitenge akawa anaziinua za elfu kumi juani kutazama kama ni halali. Mwingine akanusa vidole vyake na kuuliza mbona kufuli ina mafuta.

Nilikaa kwenye kiti changu, mikono magotini, mahali ambapo kila mtu angeweza kuiona. Na wakawa wanaitazama. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, maana lile tabasamu lilikuwa linakuja.